Deiwaka wa timu 14

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2021 simu yangu iliita saa kumi na moja alfajiri. Wiki ile Uviko ulikuwa umerudi kwa kasi hapa Maryland na nyumba za wazee zilikuwa zinakosa wahudumu, mmoja anaanguka leo, wawili kesho. Mtu wa wakala wa ajira alitaja anwani, akauliza kama naweza kufika saa moja. Nikasema naweza. Sare yangu ilikuwa imeshapigwa pasi tangu jana yake, inaning'inia mlangoni, maana anayeishi kwa kuitwa hulala hivyo.

Nyumba yenyewe nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nesi wa zamu alinitembeza korido nzima kwa dakika kumi: huyu chakula chake kisagwe, huyu asiachwe peke yake chooni, huyu ukimfungulia pazia bila kumwomba ruhusa atakununia siku nzima. Mambo ambayo mwenye zamu yake ameyazoea kwa miaka, mimi nilitakiwa niyashike kabla chai ya asubuhi haijatoka jikoni.

Saa saba mchana nilikuwa chumba cha mwisho upande wa kushoto, namlisha supu mzee mmoja aliyevaa jezi ya zambarau ya Baltimore Ravens, timu ya futiboli ya Marekani, juu ya pajama. Mechi yao na Cincinnati Bengals ilikuwa inaanza. Mzee akaitazama televisheni, akakunja uso. Lamar Jackson, nyota wa timu, alikuwa na jeraha la kifundo cha mguu. Tyler Huntley, msaidizi wake, alikuwa amezuiwa kwa sababu ya Uviko. Aliyekuwa anaingia kuongoza Ravens siku ile ni mtu wa miaka 35 ambaye wiki mbili zilikuwa hazijatimia tangu asajiliwe.

"Nani huyu?" mzee akauliza.

Nikamwambia huyu namjua. Anaitwa Josh Johnson. Mzee akafungua mdomo apokee kijiko kingine, nikaanza kumsimulia.

Nyumbani Dar es Salaam tuna neno ambalo tangu nije Marekani sijalipatia mwenzake: deiwaka. Ni dereva wa daladala asiye na daladala. Anakaa kijiweni karibu na stendi, na suka mwenye gari akichoka, akiugua, akipata msiba au akitaka tu kwenda kula, deiwaka anapewa usukani apige tripu mbili tatu. Kwenye matatu za Nairobi wanamwita skwodi. Baba mdogo wangu alikuwa deiwaka wa vipanya vya Mwenge na Kariakoo kwa zaidi ya miaka kumi. Utotoni nilikuwa nampelekea chakula kijiweni, na kitu nilichokiona bila kukielewa ni kwamba hakuwa anavua viatu. Wenzake walikaa pekupeku wakicheza karata. Yeye alikaa na raba zimefungwa kamba. Akishapewa gari alikuwa na desturi yake: anakanyaga klachi mara mbili, anakanyaga breki, anachezesha usukani kushoto na kulia, halafu anamwuliza konda, "Hili linaumwa wapi?" Kila kipanya kilikuwa na ugonjwa wake, na abiria waliobanana mle ndani hawakupaswa kuhisi kwamba dereva wao ameukamata usukani ule dakika mbili zilizopita.

Basi futiboli ya Marekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, ina madeiwaka wake. Ligi ya NFL ina timu 32 na kila timu ina kikosi cha wachezaji 53. Katika hao, mtu mmoja ndiye anayeshika usukani: kwotabeki. Kila mchezo unaanzia mikononi mwake. Yeye ndiye anayeamua kwa sekunde mbili au tatu ampe nani mpira, amrushie nani, au akimbie nao mwenyewe huku majitu ya kilo mia na thelathini yakimjia. Timu huwa na kwotabeki mmoja anayejulikana na dunia nzima, na nyuma yake mmoja au wawili wanaokaa benchi wakiwa wamevaa kofia ya kapelo na kushika ubao wa mbinu. Josh Johnson amekaa kwenye benchi hilo kwa timu 14. Katika historia yote ya NFL hakuna aliyewahi kusajiliwa na timu nyingi kuliko hizo.

Nizitaje, maana zinastahili kutajwa kwa pumzi moja: Buccaneers, 49ers, Browns, Bengals, Jets, Colts, Bills, Ravens, Giants, Texans, Raiders, Washington, Lions, Broncos. Nyingine aliziendea mara mbili, nyingine zaidi.

Watu wakizungumzia wachezaji wa kuhamahama humtaja kwanza Ryan Fitzpatrick, yule mwenye ndevu nyingi aliyesoma Harvard na kuchezea timu 9. Nampenda Fitzpatrick. Lakini Fitzpatrick alianza mechi zaidi ya mia. Popote alipokwenda alipewa gari na kuendesha msimu hadi msimu. Huyo ni suka anayebadilisha matajiri. Johnson kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi hakuwa na gari kabisa, na ndiyo maana moyo wangu uko kwake.

Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1986. Alisoma Oakland Technical High School pamoja na binamu yake Marshawn Lynch, ambaye baadaye angekuja kuwa mmoja wa wakimbiaji wakali kupata kutokea na kutwaa ubingwa na Seattle. Lynch vyuo vikubwa vilimgombania. Johnson alikuwa mwembamba na vyuo vikubwa havikumwona, akaenda University of San Diego, chuo cha Kikatoliki ambacho ligi yake haitoi ufadhili wa masomo kwa wachezaji. Kocha pale alikuwa Jim Harbaugh, naye wakati huo hakuwa na jina kubwa kama kocha. Msimu wa mwisho wa Johnson chuoni, mwaka 2007, alirusha pasi 43 zilizozaa tachidauni, yaani kuufikisha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani kwa pointi 6. Pasi zake zilizonaswa na wapinzani mwaka mzima: 1. Arobaini na tatu kwa moja. Hata ukiwa hujui chochote kuhusu mchezo huu, uwiano huo unajieleza.

Mwaka 2008 Tampa Bay Buccaneers, chini ya kocha Jon Gruden, walimchukua katika raundi ya tano, akiwa mchezaji wa 160 kuchaguliwa. Msimu uliofuata Gruden alikuwa ameshafukuzwa, timu imechakaa, na Johnson akapewa mechi 4 za kuanza. Zote alifungwa. Ya nne ilichezwa Wembley, London, Oktoba 2009, dhidi ya New England Patriots: 35 kwa 7, pasi zake 3 zikanaswa. Baada ya hapo usukani akapewa kijana mpya, Josh Freeman, aliyekuwa amesajiliwa kwa matumaini makubwa. Desemba 2011 Johnson akaanzishwa mara moja tena, dhidi ya Carolina. Akafungwa. Mechi 5 za kuanza, vipigo 5.

Wengi huishia hapo. Mkataba unaisha, simu haiiti, mtu anarudi kwao kufundisha watoto. Yeye hakuishia hapo, na kilichomtokea katika miaka 7 iliyofuata ndicho nilichotaka mzee wa chumba cha mwisho akielewe.

Kwanza kuna mchujo. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, timu zinapunguza wachezaji kutoka 90 hadi 53. Anakuja mtu wa ofisi, anakugusa bega, anakwambia kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha mbinu. Siku hizi kitabu ni kishikwambi, lakini maana ni ile ile: ukikirudisha, hutokipewa tena. Halafu kuna Jumanne. Mechi nyingi huchezwa Jumapili, Jumatatu majeraha yanahesabiwa, na Jumanne wachezaji wakiwa mapumzikoni timu huwaita watu wasio na timu kuja kujaribiwa. Unapanda ndege, unarusha mpira kwa nusu saa mbele ya watu wanaoandika, unarudi uwanja wa ndege. Wakikupenda unabaki. Mwaka 2015 peke yake Johnson alipita Bengals, Jets, Colts na Bills. Kati ya Desemba 2011 na Desemba 2018 hakurusha pasi hata moja katika mechi halali ya msimu.

Lakini alikuwa anasoma. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu hudhani mchezaji wa benchi hafanyi kazi.

Kwotabeki ana kipokea sauti ndani ya kofia yake. Mchezo mmoja ukiisha, saa inaanza kuhesabu sekunde 40 kabla ya mwingine kulazimika kuanza. Kocha anazungumza masikioni mwake, lakini ikibaki sekunde 15 mawasiliano yanakatwa. Ndani ya muda huo anapokea amri, anairudia kwa wenzake 10 walioinamia duara, wanatawanyika, anawatazama wapinzani walivyojipanga, na ikibidi anaibadilisha yote kwa kupiga kelele katikati ya mayowe ya watu elfu sabini. Amri yenyewe ni sentensi ndefu: mpangilio, upande, nani anahama kabla ya kuanza, nani anamlinda nani, njia ya kila mpokeaji, na hesabu ya kuanzia.

Na lugha ya sentensi hiyo hubadilika kutoka timu hadi timu. Kwenye madhehebu moja ya makocha, njia za wapokeaji zina namba: 9 ni kukimbia moja kwa moja, 8 ni kukata kuelekea milingoti ya goli, 7 ni kukata kuelekea kona. Kwenye madhehebu ya pili, yaliyokomazwa na Bill Walsh kule San Francisco, njia zina majina, na amri moja inaweza kuwa na maneno kumi na zaidi. Kwenye ya tatu, neno moja tu linabeba mchoro wa wapokeaji wote. Mswahili ataelewa haraka. Ukitoka Dar ukahamia Nairobi, kazi ya kubeba abiria ni ile ile, lakini daladala imekuwa matatu na konda amekuwa makanga, na ukichelewa kulijua hilo utaachwa stendi. Sasa fikiria uhamie Nairobi Jumanne, Kampala mwezi ujao, Lubumbashi baada ya Krismasi, na kila mahali utegemewe kuhutubia umati kwa lafudhi ya mwenyeji. Johnson alifanya hivyo mara 14, na mara nyingi hakuna aliyemwita asimame azungumze.

Kulikuwa na kitu kingine kilichomshika asianguke, nacho ni kujuana. Sisemi kwa ubaya. Jim Harbaugh, kocha wake wa chuo, alipofika San Francisco 49ers alimwita mwaka 2012 na tena 2014. Kaka yake Jim, John Harbaugh, ndiye kocha aliyempokea Baltimore mwaka 2016 na tena 2021. Jon Gruden aliyemchukua Tampa akamwita tena Raiders mwaka 2018. Mdogo wake Jon, Jay Gruden, alifanya naye kazi Cincinnati mwaka 2013 na baadaye akawa kocha mkuu wa Washington. Ukiitazama ramani ya timu 14 unaona kutangatanga. Ukiitazama kwa majina unaona familia mbili zilizompigia simu kwa sababu ziliwahi kumwona akifanya kazi pale ambapo hakukuwa na sifa za kupata. Baba mdogo naye alikuwa hivyo. Matajiri wa magari hawakuwa wanasema "tafuta deiwaka", walikuwa wanamtaja kwa jina.

Zile ligi ndogo alizokimbilia zilimwangusha zote. Mwaka 2012 alikuwa Sacramento kwenye ligi ya UFL. Msimu ukasimama katikati na haukurudi. Mwaka 2020 alikuwa Los Angeles kwenye XFL. Zikachezwa mechi 5, korona ikafunga kila kitu. Kati ya hizo, mwishoni mwa 2018, timu ya San Diego katika ligi mpya ya AAF ilikuwa imemchagua na alikuwa anangoja Februari waanze. Ligi hiyo nayo ilikufa kabla ya kumaliza msimu wake wa kwanza. Ila Johnson hakuwepo kushuhudia, kwa kuwa Desemba ile simu iliita.

Washington walikuwa na balaa. Tarehe 18 Novemba kwotabeki wao Alex Smith alivunjika mguu vibaya sana. Tarehe 3 Desemba msaidizi wake Colt McCoy naye akavunjika mguu. Akabaki Mark Sanchez peke yake. Johnson akasajiliwa tarehe 5, Jumatano. Wachezaji wenzake hakuwafahamu, na alisimulia mwenyewe kwamba alitumia mchezo wa video wa Madden kujifunza majina yao: nani anacheza wapi, ana kasi gani. Wapo waliosema nafasi ile ilimstahili kwotabeki Colin Kaepernick, aliyekuwa hajapata timu tangu msimu wa 2016 baada ya kupiga goti wakati wa wimbo wa taifa. Walikuwa na haki ya kusema. Lakini deni hilo ni la wenye timu, halikuwa la kijana wa Oakland aliyeitikia simu.

Jumapili ya tarehe 9, uwanja wa Landover, mwendo mfupi wa gari kutoka ninapoishi. New York Giants walikuwa wanaongoza 40 kwa 0 Washington walipomtoa Sanchez. Mimi nilikuwa nyumbani, nimetoka zamu ya usiku, na nusu ya uwanja ulikuwa umeshaondoka. Akaingia mtu mwembamba akitembea haraka kidogo kuliko wengine. Akamrushia Jamison Crowder mpira uliozaa tachidauni ya yadi 79. Akafunga nyingine kwa kukimbia mwenyewe. Mechi ikaisha 40 kwa 16. Kwa takwimu ni kipigo. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na viatu vya kazi miguuni.

Wiki iliyofuata akaanzishwa Jacksonville. Ilikuwa mechi mbaya kuitazama, ya mvutano na makosa. Timu zikafungana 13 kwa 13, na sekunde za mwisho Dustin Hopkins wa Washington akapiga mpira wa yadi 36 katikati ya milingoti. 16 kwa 13. Ushindi wa kwanza wa Josh Johnson kama kwotabeki wa kuanza, miaka 10 baada ya kuingia NFL, akiwa na umri wa miaka 32. Mechi mbili zilizobaki alifungwa, na msimu uliofuata Washington hawakuwa naye.

Mzee alinisikiliza hapo bila kutoa macho kwenye televisheni. Kule Cincinnati Johnson alikuwa anaongoza Ravens dhidi ya timu aliyowahi kuichezea yeye mwenyewe, na alikuwa anacheza vizuri. Alimrushia Rashod Bateman, kijana wa mwaka wa kwanza, akapata tachidauni yake ya kwanza kabisa katika NFL. Alimrushia Mark Andrews nyingine. Alimaliza na pasi 28 zilizofika kati ya 40, yadi 304. Tatizo lilikuwa upande wa pili: Joe Burrow wa Bengals siku hiyo alirusha yadi 525, na hakuna deiwaka anayeweza kuzuia mvua. Ikaisha 41 kwa 21.

"Afadhali yake," mzee akasema, "amekuja bila kujua kitu." Nikamwambia hapana, babu. Alikuja anajua. Mwezi mmoja na nusu nyuma aliingia katikati ya mechi akiwa na Jets, Indianapolis, Alhamisi usiku, baada ya Mike White kuumia mkono, akarusha yadi 317 na tachidauni 3. Mtu hawezi kufanya hivyo bila kujua. Mzee akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, akaniomba nimfungulie pazia.

Mechi ambayo bado inaniuma ni ya tarehe 29 Januari 2023, Philadelphia, fainali ya kanda ya NFC, hatua moja kabla ya Super Bowl, mechi ya ubingwa wa ligi. Johnson alikuwa amerudi 49ers mwezi Desemba kwa mara nyingine, akiwa mtu wa nne kwenye foleni: Trey Lance alivunjika kifundo Septemba, Jimmy Garoppolo akavunjika mguu Desemba, akabaki Brock Purdy, kijana aliyekuwa wa mwisho kabisa kati ya 262 kuchaguliwa mwaka ule, akawashangaza wote. Robo ya kwanza Haason Reddick wa Eagles akamgonga Purdy mkono akirusha, kano za kiwiko zikachanika. Kocha akageuka benchi.

Hii ndiyo nafasi ambayo Johnson alikuwa ameifungia viatu kwa miaka 15. Na haikwenda vizuri. Mwishoni mwa nusu ya kwanza senta alimtolea mpira, ukamponyoka, Eagles wakauokota na kabla ya mapumziko wakafunga. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Anainama haraka, mikono inaufuata mpira, mpira unadunda kama ulivyoumbwa kudunda, kwa upande usiotabirika. Mapema robo ya tatu Ndamukong Suh akamwangusha, kichwa kikapiga chini. Mtikiso wa ubongo. Madaktari wakamtoa. Purdy asiyeweza kuinua mkono akalazimika kurudi kusimama tu pale, na timu iliyokuwa na ndoto za ubingwa ikafungwa 31 kwa 7 bila mtu wa kurusha mpira.

Watu walimcheka mitandaoni usiku ule na niliwachukia. Mtu wa miaka 36, wa nne kwenye foleni, aliyejiunga msimu ukielekea ukingoni, anarushwa ndani ya fainali dhidi ya ulinzi mkali sana, kisha anaonekana kama ndiye aliyeiangusha timu. Mei ya mwaka huo wenye timu walipitisha kanuni inayoruhusu kila timu kuwa na kwotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi, bila kuhesabiwa miongoni mwa wanaoruhusiwa kuvaa jezi. Ilikuwepo zamani, ikafutwa, na jeraha la kiwiko cha Purdy na kichwa cha Johnson ndivyo vilivyoirudisha. Kwa hiyo kila Jumapili ukimwona kijana wa tatu amekaa mwisho wa benchi na kofia yake mapajani, yupo pale kwa sababu ya siku ile.

Baada ya mtikiso ule nilidhani tumeagana naye. Miezi michache baadaye Ravens wakamsajili tena, na akakaa Baltimore misimu ya 2023 na 2024 nyuma ya Lamar Jackson. Majira ya joto hurudi Oakland, ambako yeye na Lynch walianzisha Fam 1st Family Foundation kwa ajili ya watoto wa mtaani kwao, na kambi ya mpira hufanyika pale pale Oakland Technical. Mzee wa chumba cha mwisho hakuiona misimu hiyo. Nilikwenda kwenye nyumba ile mara tatu nyingine, na mara ya tatu kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Baba mdogo yuko hai, yuko Kimara, magoti yamemchoka. Nikimpigia simu hupenda habari za huyu mtu kuliko habari za siasa za huku. Nimemweleza timu zote 14 na amezikariri karibu nusu. Majuzi aliniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Huyo ndugu yetu, akikaa benchi wiki nzima asiingie, analipwa?"

Nikamwambia analipwa. Mwaka 2023, kima cha chini kwa mchezaji mwenye misimu 7 au zaidi kilikuwa dola 1,165,000 kwa msimu, kinagawanywa kwa wiki 18. Ukiwa kwenye kikosi wiki hiyo, unapata fungu la wiki hiyo.

"Hata asipogusa mpira?"

"Hata asipogusa, baba mdogo."

Kwake yeye, siku ambayo suka hakuugua wala kuchoka ilikuwa siku ya kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa miguu, kutoka Mwenge. Nilisikia upande wa pili kikombe kikiwekwa juu ya kisosi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza watoto wanaendeleaje na shule.